Mwacheni Mwalimu Goso asomeshe Kiingereza



Leo nina ugomvi, na ninagombana na sisi wenyewe kina mama. Tunamnyamazisha bibi asimtolee mtoto ngano, eti zitamchanganya na Kiingereza chake. Kisha tunatoa pesa kununua vitabu vya theluji na nguruwe watatu wanaojenga nyumba. Mtoto wa Makunduchi theluji hajaiona, na huyo mnyama kwetu hapiti hata barazani. Anaambiwa asome. Anasoma, sauti nzuri, maneno yote yanatoka. Muulize amesoma nini, anakutumbulia macho.

Si jambo dogo hilo. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto asiyeelewa anachokisoma hafeli Kiingereza peke yake, anafeli na hesabu ambazo akitumwa dukani anazipiga kichwani. Na akifeli wa kike, mnayajua yanayosemwa: skuli imemshinda, na aolewe. Kuolewa ni kheri, lakini mtu asiozeshwe kwa sababu ya kitabu kibaya.

Anayejifunza kusoma ana kazi mbili kwa pamoja, kulitambua neno na kujua linasema nini. Ukimpa kisa kigeni kwa lugha ngeni umemtwisha zote mbili. Ukimpa kisa anachokijua, amebakiwa na moja.

Chukueni kisa cha Mwalimu Goso. Anasomesha watoto kusoma chini ya mbuyu. Jioni moja paa anapanda kuiba matunda, buyu linaanguka, linampiga mwalimu kichwani na kumuua. Wanafunzi wanatoka kumtafuta muuaji. Wanaanza na upepo wa kusi. Anakataa: angekuwa yeye ndiye mwenye nguvu, angezuiwa na kiambaza? Wanakwenda kwa kiambaza, naye anamtaja panya anayemtoboa. Panya anamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, na safari inaendelea mpaka wanamfikia paa mwenyewe. Kila wanapofika, maneno ni yale yale, limebadilika jina tu. Mtoto akiyasoma kwa Kiingereza, mara ya tatu hana haja ya kufuata kwa kidole, mara ya tano anakutangulia. Niambieni kitabu gani cha dukani kinafanya kazi hiyo.

Na kwa Kiingereza kipo zamani. Edward Steere alizichapisha ngano za Unguja London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa huu, Kiingereza ukurasa wa pili. George Bateman akatoa Zanzibar Tales huko Chicago mwaka 1901, na leo kinasomwa bure kwenye intaneti. Majina aliyaandika kama masikio yake yalivyomwambia: Koosee, Paanya, Paaka. Watoto watacheka mpaka basi.

Najua nitaambiwa Steere alikuwa mmisionari. Alikuwa. Lakini waliomsimulia ni watu wa hapa hapa, na ngano walikuwa nazo kabla meli yake haijatia nanga. Tukizikataa kwa sababu yake, tumempa bure mali yetu. Mwengine atasema ngano ni uongo. Haya, na nguruwe fundi wa matofali ni kweli?

Bateman nina neno naye, maana Kiingereza chake ni cha kale na sentensi zake zina mikia. Usimpe mtoto kama kilivyo. Mwalimu wa skuli, au dada mkubwa aliyemaliza sekondari, akikate kiwe sentensi fupi fupi kwenye daftari. Wala msibandike mafunzo mwishoni, hizi habari za "hadithi hii inatufundisha nini". Mtoto akinusa sindano anakimbia.

Usiku bibi aanze na Paukwa, ajibiwe Pakawa, akitoe kisa chote kwa Kiswahili bila kukatizwa. Kesho yake daftari lifunguliwe. Hata mama asiyejua neno moja la Kiingereza akae pembeni asikilize, kwa sababu mtoto akikwama baada ya kamba, yeye anajua kwamba anayefuata ni kisu.