Mhadhiri wa tabianchi: GPA peke yake inatosha?

Ukitaka kuwa mhadhiri msaidizi kwenye chuo kikuu cha umma, mlango wa kwanza ni GPA: 3.8 kwa shahada ya kwanza, 4.0 kwa umahiri. Chini ya hapo, hata kama umefanya kazi na wachoma mkaa miaka kumi, kwenye usaili huitwi.

Kwa somo la sera za tabianchi na nishati, hilo ni tatizo.

Mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo zuri. Lakini sehemu ya mkaa wa Dar es Salaam hutoka Kisarawe. Jiji likihamia kwenye gesi, mchoma mkaa wa Marui atauza nini? Na mama lishe anayenunua mkaa kwa kopo, hela ya kujaza mtungi mzima ataipata wapi kwa mkupuo?

Anayefundisha haya lazima ajue msitu, soko na sheria kwa pamoja. Cheti hakionyeshi hilo.

GPA isifutwe. Ila kwenye usaili, mwombaji apewe swali la Kisarawe, alijibu kwa hesabu. Na maofisa misitu wazoefu waalikwe kufundisha kwa muda.

Wanafunzi hao ndio maofisa mazingira wa kesho kwenye halmashauri. Wakifundishwa mkaa wa kwenye makaratasi tu, gharama ataibeba mtu wa Marui.