Fleti za zamani Japani: uliza mfuko kwanza

Bei za fleti zilizojengwa miaka ya 1970 katika vitongoji vya Tokyo na Osaka zinatamanisha, na Japani haimzuii mgeni kununua nyumba wala ardhi, hata kama si mkazi. Kwa msomaji wetu anayeishi huko na kuchoshwa na kodi, tuna neno moja: usitoe hata yeni moja kabla hujaona hesabu za matengenezo ya jengo zima.

Ukinunua fleti, papo hapo unakuwa mwanachama wa chama cha wamiliki wa jengo. Kila mwezi utalipa ada ya uendeshaji, yaani usafi, taa za ngazi na lifti kama ipo, na juu yake akiba ya matengenezo makubwa. Kila baada ya miaka 12 hadi 15 hivi jengo huzungushiwa majukwaa, nyufa huzibwa, kuta hupakwa rangi na paa huwekewa upya tabaka la kuzuia maji. Kazi hiyo hula fedha nyingi. Lakini majengo mengi yalianza na akiba ndogo, kwa sababu makato madogo huuza fleti haraka, kisha ikatarajiwa kupandishwa baadaye. Baadaye hiyo imewakuta wakazi wakiwa wazee wa pensheni, na kuipandisha ni ugomvi mkutanoni. Mfuko ukikauka, chama hukopa au huwatoza wamiliki kwa mkupuo, na aliyehamia juzi halipi pungufu. Hata ada ambazo mwenye fleti wa awali hakulipa, sheria inaruhusu adaiwe mnunuzi.

Dalali mwenye leseni analazimika kumweleza mnunuzi mambo haya kabla ya mkataba. Mara nyingi maelezo hayo hutolewa siku ileile ya kutia saini, wakati mtu ameshakuja na arubuni yake na kalamu iko mezani. Hili tunalipinga. Omba mapema taarifa ya kampuni inayosimamia jengo, mpango wa matengenezo na mihtasari ya mikutano ya chama. Dalali akikuzungusha, tafuta mwingine.

Uliza pia tarehe ya kibali cha ujenzi. Kanuni mpya za kuhimili matetemeko zilianza tarehe 1 Juni 1981, na jengo lililokamilika 1982 laweza kuwa liliidhinishwa kwa kanuni za zamani. Ndani ya fleti, usidanganywe na karatasi mpya za ukutani. Uliza mabomba yamebadilishwa lini. Katika baadhi ya majengo ya zamani bomba la maji machafu hupita chini ya sakafu yako, kwenye dari ya jirani, na huwezi kuligusa peke yako. Madirisha na mlango wa mbele navyo kwa kawaida ni mali ya wote.

Wapo wanaonunua wakitumaini jengo litavunjwa na kujengwa upya. Katika Tama New Town, magharibi ya Tokyo, mtaa wa Suwa 2-chome ulifanikiwa: fleti 640 za mwaka 1971 zilipisha 1,249 mpya mwaka 2013. Iliwezekana kwa sababu kiwanja kiliruhusu fleti za ziada za kuuza, na wanunuzi walikuwepo. Vitongoji vingi vya mbali havina bahati hiyo. Tena wamiliki lazima wakubaliane: kwa miaka mingi sheria ilidai kura nne kati ya tano ili kujenga upya. Marekebisho ya 2025 yameshusha hadi robo tatu kwa majengo yenye kasoro za usalama, lakini kura haileti fedha.

Tangu Aprili 2022 serikali za mitaa zinaweza kuyapa ithibati majengo yanayosimamiwa vizuri, ila kuomba ni hiari. Tunataka kila tangazo la kuuza fleti liseme wazi kama jengo lina ithibati hiyo, na mfuko wake una kiasi gani.