Neno la Mhariri: Uwanja Mlangoni

Tarehe 26 Aprili 2017, mjini Pittsburgh, Gift Ngoepe alivaa jezi ya Pirates akawa mtu wa kwanza kutoka bara la Afrika kucheza Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Mara yake ya kwanza kushika gongo alimkabili Jon Lester wa Chicago Cubs, mabingwa watetezi, akaupitisha mpira katikati ya walinzi na kufika kituo cha kwanza salama. Ni rahisi kusema kipaji hakizuiliki. Sisi tunaolitoa toleo hili Malvern tunayasoma maisha yake vingine. Ngoepe, aliyezaliwa Januari 1990, wiki chache kabla ya Mandela kutoka gerezani, alikulia Randburg, upande wa pili wa Johannesburg hii hii, katika chumba kidogo ndani ya jengo la klabu ya Randburg Mets ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Mtoto huyo akifungua mlango alikuta uwanja, makocha na wenzake wa kucheza nao. Hakuwa na nauli ya kutafuta wala geti la kubembeleza. Kipaji alikuwa nacho, lakini kilichokilea ni ukaribu huo.

Wapo watakaosema tunamkuza mtu wa mechi 41 tu. Kweli, gongo lake halikutosha kumweka ligi kuu. Lakini alitia saini mkataba mwaka 2008, akavumilia zaidi ya miaka minane ya ligi za chini, na mama yake alifariki 2013 bila kuiona siku ile. Safari ya namna hiyo haipimwi kwa mechi pekee. Hoja nzito zaidi ni kwamba bahati ya mtu mmoja haijengi mpango. Uganda inajibu: mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilifuzu mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto ikanyimwa viza ya Marekani, mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifunguliwa mlango, wakaifunga timu ya Oregon huko huko Marekani. Mwaka 2022 Dodgers, klabu ya ligi kuu hiyo hiyo ya Marekani, waliwasajili Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Kwa hiyo tunawaomba wenye funguo za viwanja vya shule na klabu jirani na Barabara ya Jules: wafungulieni watoto wa Malvern, wenyeji na wageni, kila jioni baada ya masomo.