Mgombea anaamini nini, na sheria inasema nini?

Mgombea akija kuomba kura, tunamuuliza: "Unakubali kutoa mimba?" Akijibu "Hapana", tunaridhika. Lakini jibu hilo halitoshi.

Kenya, mwaka 2010, William Ruto na makanisa mengi walipinga Katiba mpya. Makanisa yalikataa hasa kifungu cha 26, kinachoruhusu kutoa mimba kama uhai au afya ya mama iko hatarini. Katiba ilipita. Mwaka 2022 Ruto akawa rais, akaapa kuilinda Katiba ileile.

Kwetu Kongo, sheria ya adhabu inakataza kutoa mimba. Lakini Protokali ya Maputo, iliyotangazwa katika Gazeti la Serikali mwezi wa tatu 2018, inaruhusu kuitoa hospitalini kwa aliyebakwa, au mama akiwa hatarini. Na kifungu cha 215 cha Katiba yetu kinaweka mikataba juu ya sheria.

Mimi naamini uhai ni zawadi ya Mungu. Ndiyo maana tumuulize mgombea: Bungeni utafanya nini juu ya sheria hizi mbili zinazopingana? Na binti aliyebakwa, nani atamtunza, na nani atamfikisha mbakaji mahakamani? Swali hilo la mwisho linatuhusu na sisi kanisa.