GARSEN SI MBALI NA CHAMA



Sisi wa reli na wenzetu wa posta tulikuwa watumishi wa Jumuiya moja ya Afrika Mashariki mpaka ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1999 shirika la posta na simu la Kenya nalo liligawanywa: posta mbali, simu mbali. Tajiri amebadili jina, kazi ni ile ile. Chama chao, ambacho leo ni COWU, kina wajibu ule ule.

Reli haifiki Garsen. Mto Tana ukifurika, barabara hukatika, barua hukwama, na wenye barua humwuliza mtu wa posta, si mto. Mfanyi kazi kama huyo asikumbukwe siku ya mchango tu. Wajumbe wamfikie, wamsikilize, kisha wadai ada. Umoja ni nguvu.