KOMPYUTA HAIJUI MSIMU WA KOROSHO

Wewe unayetembeza bidhaa Kariakoo na kuitwa machinga, jina hilo limetoka kwetu Lindi, na unajua maana ya kurudi nyumbani. Basi likikushusha Nachingwea au Ruangwa mjini, safari ndiyo kwanza inaanza. Wa kwenda Mtua unatafuta bodaboda, unafunga mzigo kwa mpira, na kama mvua imenyesha unajiandaa kushuka na kusukuma. Ukiuliza barabara itatengenezwa lini, unajibiwa neno moja: bajeti.

Sisi tunasema jibu hilo ni nusu. Kabla ya bajeti kuna hesabu, na hesabu hiyo siku hizi inapita kwenye kompyuta.

Usicheke. TARURA, iliyoanzishwa 2017, ina mfumo wa kompyuta unaoitwa DROMAS wa kuweka kumbukumbu za barabara za wilaya. Kwa barabara kuu ipo programu iliyotoka Benki ya Dunia, HDM-4, inayotumika nchi nyingi. Ndani yake hakuna uchawi, ni hesabu ya mwenye duka tu. Gharama ya kutengeneza barabara inawekwa upande mmoja. Upande wa pili inawekwa faida ya wanaopita: mafuta, matairi, springi na muda watakaookoa, mara idadi ya magari. Faida ikizidi, barabara inapanda foleni. Isipozidi, inasubiri.

Na waliotunga programu hizi hawakulala. Hesabu za mwanzo za jinsi barabara ya vumbi inavyokula gari zilipimwa hapa hapa Afrika Mashariki, nchini Kenya, kati ya 1971 na 1975. Baadaye ilionekana matoleo ya zamani hayaioni baiskeli, basi HDM-4 ikaongezewa. Ikaonekana pia programu kubwa haziwafai watu wa njia zenye magari machache, ikatungwa nyingine ndogo, RED, kwa barabara zinazopita takriban magari 50 hadi 200 kwa siku. Hii inauliza hata swali ambalo mama yako angeuliza: kwa mwaka, ni siku ngapi barabara haipitiki vizuri?

Kwa hiyo kasoro ya mtambo imerekebishwa. Swali letu ni nani anarekebisha namba zinazoingizwa humo.

Fikiri. Mtu anatumwa kuhesabu magari. Akikaa njia panda wiki moja ya Machi, matope yakiwa magotini, ataandika pikipiki chache na trekta moja. Akikaa Novemba atahesabu malori ya korosho mpaka peni iishe wino. Akikaa Juni atakuta ufuta. Barabara ni ile ile, majibu ni matatu, na kompyuta itameza lolote atakaloletewa. Kisha kuna mtego mbaya zaidi: barabara mbovu haina magari kwa kuwa ni mbovu, kompyuta inasoma hakuna magari, inaiacha iwe mbovu. Programu hizi zina nafasi ya kuandika magari yatakayokuja barabara ikishapona. Nafasi hiyo ikijazwa sifuri, kijiji kimehukumiwa bila kusikilizwa.

Na wewe mwenye bodaboda, umeandikwa? Unalipa tozo ya barabara katika kila lita. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Wakati wa kulipa unaonekana vizuri sana.

Nachingwea haihitaji kufundishwa gharama ya namba mbovu. Mwaka 1946 Waingereza walileta ujumbe wa Wakefield, wakapima nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiwa angani, wakaandika mpango wa karanga wa ekari zaidi ya milioni 3. Reli ikajengwa kutoka pwani ya Lindi hadi Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikachimbwa, kwa ajili ya karanga ambazo hazijaota. Udongo na mvua vilikataa. Mwaka 1951 mpango ukafutwa na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimeteketea. Reli ilijikongoja mpaka 1962, ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Pale hapakuwa na kompyuta, palikuwa na mabwana wakubwa ambao hawakumuuliza mkulima hata mmoja mvua inanyesha lini.

Hatusemi wahandisi wetu wanadanganya. Tunasema hesabu ya magari ya barabara yako ni mali yako, na tunakuuliza: umewahi kuiona? Imebandikwa kwenye ukuta gani, kata gani, na ilichukuliwa mwezi gani?

Tena kazi yenyewe si ya maprofesa. Nairobi, wanafunzi walipanda matatu na simu mikononi, wakaandika kila njia na kila kituo, na ramani ikatoka 2014. Dar es Salaam, kuanzia 2015, vijana wa vyuo pamoja na wakazi walichora mitaa na mifereji ya maeneo ya mafuriko katika Ramani Huria. Vijana wa kijiwe cha bodaboda Nachingwea wanajua kila shimo kwa jina. Wapewe daftari na posho, wahesabu misimu yote, na daftari lisomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla halijaingia kwenye mtambo.

Korosho zinaanza kushuka Oktoba. Wewe ukiwa likizo nyumbani, pita ofisi ya kata, uliza kwa adabu hesabu ya mwisho ni ya lini na pikipiki zilihesabiwa ngapi. Ukipewa karatasi, tuletee nakala, tutaichapa. Ukinyimwa, tuandikie tarehe uliyokwenda, nayo tutaichapa.