Petroli au Dizeli? Tuhesabu Kwanza

Yako mabishano yasiyokwisha katika stendi za magari tangu Bukoba hadi Muleba. Mmoja husema petroli ndiyo rahisi, mwingine husema dizeli, na kila mmoja huelekeza kidole kwenye namba iliyoandikwa juu ya pampu. Sisi twasema wote wawili wanatazama mahali pasipo na jibu.

Kila mwezi EWURA hutangaza bei ya kikomo kwa kila wilaya, na kila mwezi mtu wa Bukoba huona ya kwake imeipita ya Dar es Salaam. Sababu haifichiki. Mafuta yetu hushushwa pwani, kisha hupakiwa katika malori na kusafiri zaidi ya kilomita 1,300 mpaka yatufikie, na lori lenyewe hunywa dizeli njia nzima. Basi yule kijana wa bodaboda pale Nshamba, ambaye hajanunua dizeli hata chupa moja tangu azaliwe, ameilipa dizeli ndani ya petroli yake. Mama anayenunua chumvi na sabuni ameilipa vile vile. Nani awezaye kusema kwamba habari hii ni ya wenye malori peke yao?

Tena bei hizo hazina msimamo. Watu wengi walizoea kudhani kwamba dizeli siku zote huwa chini ya petroli. Mwezi Juni 2022, ingawa Serikali ilikuwa imetoa ruzuku ya shilingi bilioni 100, dizeli iliuzwa ghali kuliko petroli hata Dar es Salaam. Mtu achaguaye injini kwa bei ya mwezi mmoja ni sawa na mtu apandaye migomba kwa sababu leo asubuhi mvua imenyesha.

Kinachofaa kutazamwa ni kazi inayotoka katika lita moja. Injini ya petroli huchanganya mafuta na hewa, kisha cheche ya plagi ikawasha. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897, haina plagi ya cheche: huibana hewa kwa nguvu nyingi mpaka ikapata moto mkali, ndipo mafuta yanyunyizwapo na kuwaka yenyewe. Kubana huko ndiko kunakotoa kazi zaidi katika mafuta yale yale. Zaidi ya hayo lita ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, na ina joto zaidi kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi.

Haya, tuhesabu. Tuseme chama cha msingi kina gari la kupeleka kahawa Bukoba kutoka Muleba, kwenda na kurudi kilomita 140. Tuseme gari la petroli huenda kilomita 8 kwa lita na la dizeli kilomita 10, na mafuta yote mawili ni Sh. 3,000. La petroli litakula lita 17 na nusu, yaani Sh. 52,500. La dizeli litakula lita 14, yaani Sh. 42,000. Hata dizeli ikipanda kufikia Sh. 3,700 na petroli ibaki pale pale, bado dizeli haijashindwa.

Lakini wapenda dizeli wasishangilie mapema. Tuseme gari lao lilinunuliwa kwa Sh. 6,300,000 zaidi ya lile jingine. Akiba ya Sh. 10,500 kwa safari itarudisha fedha hizo baada ya safari 600. Gari lendalo safari sita kwa juma litamaliza deni hilo katika miaka miwili. Gari lendalo mara moja kwa juma, na siku nyingine zote limelala chini ya mwembe, litahitaji zaidi ya miaka kumi na moja! Na hapo hatujataja pampu ya dizeli, ambayo haipendi maji wala uchafu, na fundi wake hapatikani kila kijiji.

Ziwani hesabu hubadilika tena. MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baina ya Mwanza, Kemondo na Bukoba, huendeshwa kwa dizeli, na ni haki yake. Lakini mvuvi wa Bumbire au Goziba anahitaji injini ambayo jioni ataifungua mtumbwini na kuibeba begani kwenda nayo nyumbani, wezi wasije wakaichukua. Hiyo ni ya petroli, hata ikinywa zaidi. Tunalomwomba ni kwamba madumu yake yasilale chumba kimoja na watoto na kibatari. Mvuke wa petroli hushika moto kwa mbali. Dizeli si nyepesi hivyo kuwaka.

Lipo na jambo la wanaochanganya mafuta ya taa katika dizeli. Mwaka 2011 Serikali iliongeza kodi ya mafuta ya taa ili kuvunja biashara hiyo, na mama aliyekuwa akiwasha taa ndiye aliyeumia kwa kosa la wenye pampu. Mwenye gari ajuaye lita zake kwa kila safari hugundua mchezo huo upesi kuliko mkaguzi.

Kwa hiyo kabla chama chochote hakijapitisha ununuzi wa lori au mashine ya kukoboa, katibu na aweke daftari mezani: safari ngapi kwa juma, kilomita ngapi, lita ngapi, mlima gani wa kupandwa na mzigo, fundi yuko wapi. Tumekwisha kuhudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo. Wanachama walibishana tangu saa nne hadi saa nane, na jambo lililopigiwa kura lilikuwa rangi ya gari.